Skrini ya Fuwele Kimiminika: Tuitambue Hitilafu Kabla ya Kuitupa

Katika stoo za shule za sekondari si ajabu kukuta rundo la vyombo vilivyokwisha kuhukumiwa: runinga zisizotoa picha, kompyuta zilizopigwa mistari, vikokotoo vilivyopungukiwa tarakimu. Aghalabu hukumu hiyo imetolewa kwa neno moja tu, yaani "kioo kimekufa", na mambo yakaishia hapo. Lakini je, ni kweli kwamba kioo ndicho kilichokufa?

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani Wilaya za Kasulu na Kibondo, swali hili lina uzito wa pekee. Kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni karibu kilometa 100, na kutoka Kibondo ni zaidi ya kilometa 200. Mwalimu anayesafirisha runinga ya shule kwa basi ili ikatazamwe na fundi hulipa nauli yake na ya mzigo, hupoteza siku mbili za masomo, na pengine huambiwa kwamba tatizo lilikuwa waya uliolegea. Mwingine huiacha runinga ile stoo miaka mingi, hali hitilafu yake ingeweza kutengenezwa kwa gharama ndogo. Katika hali zote mbili wanaopata hasara ni wanafunzi, kwani skrini hiyo huenda ikawa ndiyo pekee inayotegemewa na shule nzima.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, kueleza kanuni za sayansi zinazoiwezesha skrini ya fuwele kimiminika kuonyesha picha. Pili, kuonyesha jinsi mtu mwenye kuzifahamu kanuni hizo, pasipo vyombo vya gharama, anavyoweza kupambanua hitilafu inayotengenezeka na isiyotengenezeka.

Kati ya mango na kimiminika

Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hujifunza kwamba maada ina hali tatu: mango, kimiminika na gesi. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Friedrich Reinitzer, aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague, alikumbana na kitu kilichokataa kuingia katika mafungu hayo. Alikuwa akichunguza kampaundi iliyotokana na kolesteroli ya karoti. Alipoipasha joto, iliyeyuka kwenye nyuzi 145.5 za sentigredi na kuwa kimiminika chenye ukungu. Alipoendelea kuipasha joto hadi kufikia nyuzi 178.5, ukungu ule ulitoweka ghafla na kimiminika kikawa angavu. Kwa maneno mengine, kitu kile kilikuwa na vituo viwili vya kuyeyuka.

Reinitzer alimwandikia mwanafizikia Otto Lehmann wa Ujerumani, naye akakichunguza kimiminika hicho kwa hadubini. Lehmann aligundua kwamba kilitiririka kama mafuta, lakini kiliipitisha nuru kama fanyavyo fuwele. Katika hali hiyo molekuli zake, zenye umbo refu kama njiti, zina uhuru wa kusogea huku na huku, ila zimeelekea upande mmoja, mithili ya magogo yanayosukumwa na mto. Hali hiyo ndiyo iitwayo fuwele kimiminika.

Kwa miaka karibu 80 ugunduzi huo ulibaki kuwa jambo la kustaajabisha tu katika maabara. Mwaka 1968 kundi la watafiti likiongozwa na George Heilmeier wa kampuni ya RCA, Marekani, lilitangaza skrini za kwanza zilizotumia fuwele kimiminika. Mwaka 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, waliokuwa wakifanya kazi nchini Uswisi, walibuni mpango wa kuzisokota molekuli ambao tutaueleza hivi punde. Mwaka 1973 George Gray na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitangaza kampaundi imara zinazobaki katika hali hiyo kwenye joto la kawaida la chumbani. Tangu hapo vikokotoo na saa za tarakimu vilianza kuenea duniani, na baadaye zikaja kompyuta na runinga bapa.

Skrini inavyofanya kazi

Chukua vioo viwili vyembamba na uvitenganishe kwa nafasi ndogo mno, kama sehemu 5 za elfu za milimita moja. Ndani ya kila kioo pamepakwa utando mwembamba usioonekana, unaopitisha umeme. Katikati ya vioo hivyo pamejazwa fuwele kimiminika. Sura za ndani za vioo zimeandaliwa kwa namna ambayo molekuli zinazogusa kioo cha kwanza hulala kuelekea, tuseme, mashariki, na zile zinazogusa kioo cha pili hulala kuelekea kaskazini. Molekuli zilizo katikati hulazimika kugeuka kidogo kidogo, zikafanya msokoto wa nyuzi 90, kama ngazi ya kuzunguka.

Nje ya kila kioo hubandikwa chujio la nuru. Nuru ni wimbi, na wimbi la kawaida hutikisika pande zote. Chujio hili huruhusu mtikisiko wa mwelekeo mmoja tu, kama vile ubao wenye mwanya mrefu uruhusuvyo kamba inayotikiswa juu na chini, lakini huizuia inayotikiswa kulia na kushoto. Machujio mawili yakiwekwa kwa kukingamana, nuru haipiti kamwe. Lakini pakiwapo msokoto wa molekuli katikati yake, mtikisiko wa nuru hugeuzwa nyuzi 90 pamoja na msokoto huo, na nuru hupita. Umeme wa volti chache ukitiwa, molekuli husimama wima, msokoto hutoweka, na mahali pale hugeuka kuwa peusi. Umeme ukiondolewa, msokoto hurudi na nuru hupita tena.

Ziko aina nyingine za skrini ambazo molekuli zake hazisokotwi kwa namna hii, na ambazo huwa nyeusi pasipo umeme. Hata hivyo msingi ni ule ule: umeme huzigeuza molekuli, na molekuli huigeuza nuru.

Kutokana na maelezo haya msomaji akumbuke mambo matatu, kwani upelelezi wote unaofuata unayategemea.

Jambo la kwanza: fuwele kimiminika haitoi nuru. Ni dirisha tu, linalofunguka na kufunga. Katika kikokotoo, nuru hutoka chumbani na kuakisiwa na karatasi yenye kung'aa iliyo nyuma. Katika runinga na kompyuta, nuru hutoka katika taa zilizo nyuma ya skrini.

Jambo la pili: kila nukta ya picha ina mlango wake. Runinga yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu ina nukta 2,073,600. Kila nukta ina vijidirisha vitatu, yaani chekundu, cha kijani na cha buluu, hivyo jumla yake ni vijidirisha 6,220,800. Kila kimoja kinaendeshwa na transista yake ndogo, na amri huletwa na nyaya zilizopangwa kwa safu za wima na za ulalo.

Jambo la tatu: umeme unaoendesha molekuli hauna budi kugeuzwa-geuzwa mwelekeo. Ukielekea upande mmoja tu kwa muda mrefu, chembe zenye chaji hujikusanya upande mmoja na kuiharibu skrini.

Mazingira ya Kasulu na Kibondo

Kabla ya kuufuata ugonjwa, ni vyema kuyatazama mazingira ya mgonjwa. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Mei, nazo huja na radi nyingi. Kiangazi huleta vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Baridi ya Juni na Julai, ijapokuwa humlazimisha mtu kuvaa sweta, haitoshi kuidhuru skrini. Fuwele kimiminika hulegea sana katika kazi yake pale tu joto linapokaribia kiwango cha maji kuganda. Kwa hiyo anayelaumu baridi ya Kasulu kwa skrini iliyozimika hana budi kutafuta mshtakiwa mwingine.

Mshtakiwa huyo mara nyingi ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea jenereta za dizeli za Shirika la Umeme, hadi gridi ya Taifa ilipoifikia mwaka 2022. Nje ya miji, shule na nyumba nyingi zimetegemea paneli za jua na betri za volti 12. Kila chanzo kina kasoro zake. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huzichosha kapasita na kuziunguza fyuzi. Umeme wa betri iliyochoka huwa hautoshi. Na radi, hata ikipiga mbali, huweza kupitisha msukumo mkali katika waya wa umeme au wa antena.

Kuanzia ukutani

Mpelelezi mzuri haanzi kwa kufungua chombo. Huanza ukutani na kuendelea kuelekea kwenye skrini, hatua kwa hatua, akibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja, chombo kikapona, hatajua ni dawa ipi iliyoponya. Hii ndiyo kanuni ile ile tunayofundisha katika maabara: badili kigeu kimoja, viache vingine vilivyo, kisha andika matokeo.

Sasa tuzitazame dalili moja moja.

1. Giza, kimya, na taa ndogo ya mbele haiwaki. Dalili hii haihusiani na fuwele hata kidogo. Chombo hakipati umeme. Chomeka kitu kingine katika soketi ile ile, kwa mfano taa ya mezani. Ikiwaka, kagua waya na plagi. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye ampea zile zile. Ikiungua tena papo hapo, acha, kwani pana mahali ndani ambapo umeme unapita pasipostahili. Kufunga fyuzi kwa karatasi ya sigara au kipande cha waya ni kuondoa mlinzi ili mwizi apite.

Kwa wanaotumia jua, pima volti kwa mita wakati chombo kimewashwa, si wakati kimezimwa. Tuseme runinga ya volti 12 inahitaji wati 36. Mkondo wake ni 36 ÷ 12 = ampea 3. Ikiwa waya mwembamba na mrefu kutoka kwenye betri una ukinzani wa omu 0.5, volti zinazopotea njiani ni 3 × 0.5 = 1.5. Betri yenye volti 12.0 itafikisha volti 10.5 tu kwenye runinga, nayo itapepesa au itazimika. Dawa yake ni waya mnene na mfupi zaidi, wala si runinga mpya.

2. Sauti ipo, picha hakuna. Hapa ndipo hukumu za haraka hutolewa zaidi, na hapa ndipo kanuni yetu ya kwanza inapotoa msaada mkubwa. Ingia katika chumba chenye giza, washa chombo, kisha mulika skrini kwa tochi kali kwa karibu na kwa upande. Ikiwa unaona picha hafifu ikicheza chini ya mwanga wa tochi, basi fuwele ni nzima, transista ni nzima, na amri za picha zinafika. Kilichokufa ni taa za nyuma tu, au sehemu inayozilisha umeme.

Katika runinga nyingi za sasa taa hizo ni vijitaa vya LED vilivyofungwa kwa mfuatano. Kila mwanafunzi anajua kwamba katika sakiti ya mfuatano, kimoja kikikatika vyote huzimika. Ndiyo maana kijitaa kimoja kidogo huweza kuitia giza runinga nzima. Fundi aliyefunzwa hubadilisha vijitaa hivyo bila kununua skrini. Runinga na kompyuta za zamani zaidi zilitumia mirija myembamba yenye mvuke wa zebaki; mirija hiyo inapozeeka, picha huwa na rangi ya waridi kabla ya kuzimika.

Ikumbukwe kwamba simu nyingi za siku hizi hutumia skrini za aina nyingine, ziitwazo OLED, ambazo kila nukta hutoa nuru yake yenyewe. Kwa hizo jaribio la tochi halina maana.

3. Skrini inang'aa lakini haina picha, au imeandika kwamba hakuna mawimbi. Bonyeza rimoti ili menyu ya runinga yenyewe itokee. Menyu ikionekana vizuri, skrini ni nzima na tatizo liko kabla yake: chanzo kilichochaguliwa sicho, waya wa kutoka kwenye king'amuzi umelegea, au ungo umesogezwa na upepo. Menyu nayo isipoonekana, tatizo liko ndani.

4. Mistari. Mstari mmoja wa wima usiobadilika, unaopita hata juu ya menyu, maana yake ni kwamba safu moja ya nyaya haipokei amri. Mstari wa ulalo ni vivyo hivyo kwa safu za ulalo. Kwa kompyuta mpakato liko jaribio zuri: iunganishe na projekta au runinga. Mistari ikionekana huko pia, kosa liko katika kompyuta. Isipoonekana, kosa liko katika skrini au katika waya bapa unaopita kwenye bawaba. Ikiwa mistari huja na kwenda kila unapofungua na kufunga kifuniko, mshuku waya huo kwanza. Kuubadilisha ni kazi ndogo kwa fundi. Lakini ikiwa kiungo kilichobanduka ni kile kilichogandishwa kwenye ukingo wa kioo chenyewe, matengenezo yake huhitaji mitambo maalumu. Kubonyeza ukingo kwa kidole huweza kurudisha picha kwa dakika chache, nako si kutengeneza bali ni kuthibitisha ugonjwa.

5. Doa jeusi kama wino, lenye nyufa zinazotawanyika. Huu ndio ugonjwa pekee katika orodha yetu unaostahili kuitwa kifo cha kioo. Moja ya vioo viwili limevunjika, na fuwele imevuja au imeingiliwa na hewa. Hakuna dawa isipokuwa kubadilisha skrini nzima, na katika runinga gharama ya skrini mara nyingi hukaribia bei ya runinga yenyewe. Kimiminika kikigusa mkono, osha kwa maji na sabuni.

6. Nukta isiyobadilika, na vivuli vya picha iliyopita. Nukta moja nyeusi au inayong'aa daima ni transista moja iliyokufa kati ya mamilioni. Haina tiba wala haizuii kazi. Kivuli cha picha iliyokaa muda mrefu pasipo kusogea hutokana na chaji zilizojikusanya, kama tulivyoeleza katika jambo la tatu. Zima skrini kwa saa kadhaa, au iache ionyeshe picha zinazobadilika-badilika. Mara nyingi kivuli hufifia chenyewe.

7. Skrini imekuwa nyeusi baada ya kuachwa juani. Kikokotoo kilichosahauliwa juu ya dawati la dirishani, au chombo kilichoachwa ndani ya gari lililofungwa mchana, huweza kugeuka cheusi kote. Joto limevuka kile kiwango ambacho Reinitzer alikiona: fuwele imekuwa kimiminika cha kawaida, msokoto umetoweka, na machujio yaliyokingamana yanaizuia nuru yote. Kiweke kivulini. Mara nyingi, kikipoa, molekuli hujipanga upya na tarakimu hurudi.

8. Kikokotoo kinachokosa baadhi ya vijisehemu vya tarakimu, hata 8 ikasomeka kama 6. Katika vikokotoo vingi kioo hakijalehemiwa kwenye bodi. Kati yake kuna ukanda wa mpira wenye tabaka nyembamba zinazopitisha umeme na zisizopitisha, zikipishana. Vumbi likiingia, au skrubu ikilegea, baadhi ya njia hukatika. Ondoa betri, fungua kwa bisibisi ndogo, futa ukanda na kingo za kioo kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, acha ikauke, kisha rudisha na kaza sawasawa. Tarakimu zote zikififia kwa pamoja, badili betri, au kama kinatumia nuru, kisogeze kwenye mwanga zaidi.

Pale pa kuishia

Elimu ya kutengeneza haina budi kwenda sambamba na elimu ya kutogusa. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230, lakini kilele cha wimbi lake ni volti 230 × 1.414, yaani takribani 325. Ndani ya runinga umeme huo hugeuzwa na kuhifadhiwa katika kapasita kubwa, na katika bodi nyingi hupandishwa hadi karibu volti 400. Kapasita huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mirija ya zamani ya taa za nyuma nayo huhitaji zaidi ya volti 1,000 ili iwake.

Kwa sababu hiyo mipaka iwe wazi. Mwanafunzi anaweza kufungua kikokotoo kinachotumia betri. Anaweza kukagua plagi iliyochomolewa, waya na king'amuzi kwa nje, na kufanya jaribio la tochi na la menyu. Kifuniko cha nyuma cha runinga kiachwe kwa fundi aliyefunzwa, kama vile waliopitia vyuo vya ufundi stadi. Lakini mwalimu anayefika kwa fundi na kusema, "Sauti ipo, na kwa tochi picha inaonekana," amempunguzia fundi nusu ya kazi, na si rahisi kumshawishi anunue skrini mpya asiyoihitaji.

Kinga

Wingu zito likianza kujikusanya, chomoa plagi ya umeme na waya wa antena vyote viwili. Wengi huchomoa plagi na kuusahau ungo, na radi hupita hapo. Ikiwa radi imekwisha kuwa juu ya paa, usiguse kitu. Usalama wako ni bora kuliko wa runinga. Stabilaiza husaidia dhidi ya kupanda na kushuka kwa umeme, lakini haiwezi kuihimili radi iliyopiga karibu.

Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kikavu cha kufutia miwani, chombo kikiwa kimezimwa. Likigoma, lowesha kitambaa kidogo kwa maji yaliyokenekwa, kama yale yatiwayo katika betri za magari. Kamwe usipulizie maji kwenye skrini, wala usitumie petroli, mafuta ya taa au sabuni kali, kwani chujio la nuru la mbele ni utando wa plastiki nao huharibika. Usikandamize. Chombo kilichotoka katika baridi na kuingia chumba chenye joto na unyevu kiachwe saa moja kabla ya kuwashwa, ili umande uliojishika ndani ukauke.

Chombo kisichotengenezeka nacho kisitupwe katika shimo la taka la shule, wala kisichomwe moto. Zebaki ya mirija na risasi ya lehemu havitoweki kwa moto. Huingia hewani, udongoni na hatimaye visimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka taka za hatari zishughulikiwe kwa utaratibu maalumu. Kabla ya hapo, mwalimu wa fizikia anaweza kukitumia kikokotoo kibovu kufundishia.

Jaribio la darasani

Vifaa: kikokotoo kibovu kimoja, kikokotoo kizima kimoja, na miwani ya jua yenye machujio ya nuru ikipatikana.

Hatua ya 1. Ondoa skrini ya kikokotoo kibovu na ubandue taratibu utando ulio mbele ya kioo. Huo ndio chujio la nuru.

Hatua ya 2. Shika utando huo mbele ya skrini ya kikokotoo kizima kilichowashwa, na uuzungushe polepole. Andika ni katika pembe gani skrini inakuwa nyeusi kote, na ni katika pembe gani inarudi kuonekana. Tofauti kati ya pembe hizo mbili ni ngapi?

Hatua ya 3. Rudia kwa skrini ya simu na ya runinga. Je, zote zinatenda sawa?

Hatua ya 4. Tazama tafakuri ya anga katika dimbwi la maji kupitia utando ule ule, huku ukiuzungusha. Eleza unachokiona.

Maswali

1. Kwa nini jaribio la tochi linafaa kwa runinga yenye taa za nyuma, lakini halina maana kwa skrini ya OLED?

2. Betri ya volti 12.4 inailisha runinga ya wati 24 kwa waya wenye ukinzani wa omu 0.4. Ukichukulia kuwa mkondo ni ampea 2, runinga inapata volti ngapi?

3. Runinga ya shule ina sauti, skrini yake ni nyeusi, na kwa tochi hapaonekani kitu. Menyu nayo haionekani. Orodhesha, kwa mfuatano, mambo unayoweza kuyachunguza bila kufungua kifuniko, na ueleze kila moja linakanusha dhana gani.

4. Tembelea stoo ya shule yako ukiwa na mwalimu. Kwa kila chombo chenye skrini kilichoandikwa "kibovu", andika dalili yake kwa kufuata orodha ya makala haya, kisha kipange katika moja ya mafungu matatu: kinachotengenezeka shuleni, kinachohitaji fundi, na kisichotengenezeka. Peleka orodha hiyo kwa mkuu wa shule.